Jembe Kabla ya Fomu

Hotuba iliyotolewa Uyole, Mbeya, mbele ya wakazi na vijana wanaokusudia kuomba uongozi wa mtaa na kata

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano, wazee wangu, viongozi wa dini, vijana wangu wa vyama vyote na ninyi msio na chama, mwagonile. Na wale mliotokea upande wa Iringa na Njombe kama mimi, kamwene.

Nimeombwa nizungumze juu ya wagombea wanaohimiza watu kujitolea kwa ajili ya majirani wenye shida, nami nimekubali kwa moyo mweupe kwa sababu leo hakuna uchaguzi unaotukimbiza. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na kwa utaratibu wetu wa kila miaka 5 mwingine unatarajiwa mwaka 2029. Mwaka ule kampeni zilikuwa za siku 7, kuanzia tarehe 20 hadi 26, na niliwasikia wengi wakilalamika kwamba siku 7 hazimtoshi mgombea kujitambulisha. Mimi naona zinamtosha kabisa mtu ambaye kwa miaka 4 na miezi 11 majirani wamemwona akimbebea maji bibi asiyejiweza, na kwamba yule ambaye hawajamwona, hata akipewa siku 70 atabaki mgeni. Ninachotaka kusema jioni hii ni hicho. Anayetaka tumchague kwa kuwa anaamini katika kujitolea, aanze sasa, aanze kwa mikono yake, na aanzie mahali ambapo hakuna mtu wa kupiga picha.

Niruhusuni nieleze jambo lililotokea mtaani kwetu. Tulikuwa na mama mmoja mjane, mzee sana, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha nguvu, akiishi na wajukuu wawili. Kenchi za nyumba yake zilikuwa zimeoza, na mvua za Mbeya mnazijua, zikianza Novemba hazituachi mpaka Mei. Mwaka mmoja wa uchaguzi alifika kwake mgombea akiwa na gari, wapambe na mabati 12. Alisema maneno mazuri kuhusu kuwajali wazee, mabati yakashushwa na kuegemezwa ukutani, picha zikapigwa, gari likaondoka. Hapakuwa na misumari wala mbao, fundi hakuwapo, na hakuna aliyemuuliza mama yule kama ana mtu wa kupanda juu ya nyumba. Mabati yakakaa pale msimu mzima wa mvua, huku maji yakimdondokea kitandani mtu mwenye mabati 12 mlangoni kwake.

Sisi majirani tulipita pale kila siku tukayaona. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kosa halikuwa la mgombea peke yake. Tulikwisha kuzoea kufikiri kwamba aliyeleta ndiye atakayemaliza, na kwamba shida ya jirani ikishaingia katika hotuba ya mwanasiasa imetoka mikononi mwetu. Walioivunja fikra hiyo walikuwa vijana wawili wa kijiwe cha bodaboda, waliokuja kwangu kuuliza kama nilibakiza misumari nilipojenga banda la ng'ombe. Jumamosi iliyofuata tulikusanyika watu 11. Fundi seremala mmoja alikubali kusimamia bila malipo, mwingine akatoa mbao alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya jiko lake, akina mama wakapika kande, na ilipofika alasiri paa lilikuwa limefungwa mpaka kofia. Jioni ile tuliandika majina yetu katika daftari la shule la mmoja wa wajukuu, tukakubaliana nani atapita kumwona mama siku gani. Daftari hilo leo ni la 6, na ndani yake kuna kaya nyingine ambazo sitazitaja hapa, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Sasa nigusie sheria, maana kuna kijana ameniuliza kabla ya mkutano kama mgombea kumsaidia jirani si rushwa. Ni swali la haki kabisa. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kimila unaotolewa kwa nia njema wakati wa kampeni. Asasi za kiraia zilikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikatamka kwamba vifungu vile vilikwenda kinyume cha Katiba, kwa sababu vilimpa nafasi kubwa zaidi mgombea mwenye fedha kuliko asiye nazo na kufungua njia ya rushwa. Baadaye ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, ambayo inakataza zawadi na fadhila zinazolenga kumshawishi mpiga kura. Kwa hiyo yale mabati 12, hata kama yangekuja na misumari yake na fundi wake, yalikuwa na swali la kujibu.

Lakini naomba tuielewe sababu ya sheria hiyo, tusiishie kuiogopa. Tajiri anaweza kununua mabati ya nyumba 500 kwa siku moja, na maskini mwenye moyo safi hawezi kununua hata bati moja. Jasho halihesabiki hivyo. Siku ya kuchimba choo cha jirani ni siku ileile kwa mwenye gari na kwa anayetembea kwa miguu, na hakuna awezaye kuwachimbia watu 500 vyoo kati ya tarehe 20 na tarehe 26. Ndiyo maana nasema mgombea ajitolee kazi, tena kabla hajachukua fomu, na akishachukua fomu asigawe kitu, bali aendelee kufika zamu yake kama kawaida, akae kimya juu ya kura, na akitoka pale aende kwenye mkutano wake wa hadhara akaseme sera. Jirani hatachanganyikiwa. Atajua kwamba huyu alikuwa hapa mwaka juzi, wakati hakukuwa na karatasi ya kura.

Mimi ni muuguzi mstaafu, na sehemu ya maisha yangu ya kazi ilikuwa Makete, wilaya ambayo leo iko mkoa wa Njombe, miaka ya 1990. Vijana wengi hapa mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo nitasema kidogo hali ilivyokuwa. Ukimwi ulipita katika vijiji vile ukaacha nyumba zenye bibi na wajukuu bila mtu wa katikati. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini kuanzia mwaka 2004. Kabla ya hapo tulichokuwa nacho kwa mgonjwa wa nyumbani kilikuwa uji, maji ya moto na mkono wa mtu. Wanawake ambao wengi wao hawakuwa na cheti chochote walikwenda nyumba kwa nyumba kuwaosha wagonjwa, kuwageuza ili wasipate vidonda vya mgongo, kuwafulia mashuka katika baridi ya kule, kisha wakarudi kulima mashamba yao. Walipoishiwa glavu walifunga mifuko ya nailoni mikononi. Sikumbuki mkutano hata mmoja wa kampeni ambao kazi yao ilitajwa, na sikumbuki hata mmoja wao aliyesimama kuomba kura, ingawa hapakuwa na watu waliozijua kaya za vijiji vile kuliko wao. Hilo limenisumbua kwa miaka mingi. Tulikuwa na viongozi bora kabisa mbele ya macho yetu, tukawaita wasaidizi.

Mzigo huo haujaondoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, waishio na virusi vya ukimwi ni asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 hapa Mbeya. Hii ndiyo mikoa mitatu iliyo juu nchini. Kazi ya jirani imebadilika, kwa sababu mgonjwa wa leo akitumia dawa vizuri analima, anafanya biashara na kulea watoto wake. Anachohitaji ni mtu wa kumkumbusha tarehe ya kliniki, wa kumwangalizia watoto siku hiyo, wa kumfuata kwa upole akiona ameacha dawa. Na hapa ndipo penye jambo nililoahidi kulieleza.

Kazi ya namna hii inabebwa na siri. Jirani aliyekufungulia mlango akakuonyesha vidonge vyake amekupa kitu ambacho ndugu zake wengine hawana, na ukimpiga picha umemtoa nje mbele ya mtaa mzima. Vivyo hivyo mzee anayejisaidia kitandani, binti aliyebakwa, familia iliyolala njaa juzi, baba aliyekuwa na duka na leo anakopa chumvi. Kila mmoja wao ana heshima yake, na msaada unaomvua heshima hiyo humwacha maskini zaidi ya alivyokuwa. Mgombea anayekuja kwa mama mwenye shida akiwa na simu imenyooshwa mbele hajamfikia mama yule, amewafikia watu walio ndani ya simu. Naomba hili tulifanye kuwa sharti la kwanza katika mtaa wetu, kwamba katika nyumba ya mwenye shida hakuna picha, hakuna fulana ya chama, na jina la kaya halitajwi jukwaani hata kwa nia ya kuisifia. Najua sharti hili litawapunguza wanaotaka kuja. Watakaobaki watatosha.

Watu wengine husema kujitolea ni kitu kilicholetwa na miradi. Ukweni kwangu Rungwe, kama mnavyojua wenyewe, Wanyakyusa zamani walikuwa na vijiji vya rika, ambavyo wavulana wa umri mmoja walivianza kwa vibanda vyao pembeni mwa nyumba za baba zao, wakakua pamoja, wakaoa, na kijiji kikawa chao. Neno lao ni ukwangala, yaani kuwa na wenzako kwa furaha, kula nao na kuzungumza nao. Mtu aliyekula peke yake alitazamwa kama mtu mwenye kasoro. Sisemi turudi kwenye vibanda vya rika, na wala sisahau kwamba wasichana hawakuhesabiwa katika utaratibu ule. Nasema tu kwamba hapa hatupandi mbegu ngeni.

Na taifa letu nalo limewahi kulifanya jambo hili kwa ukubwa. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kuchemsha maji. Nilikuwa msichana wa miaka 15, na ninakumbuka mama yangu akirudi kutoka kwenye kikundi chake akihesabu kwa vidole nyumba ambazo hazijamaliza choo. Alikuwa hajui kusoma, na alikuwa kiongozi wa kikundi. Karibu zaidi na sisi, tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa ikawa siku ya usafi nchi nzima, na Rais John Magufuli akaonekana akiokota taka kwa mikono yake karibu na Ikulu, Dar es Salaam. Mkono wa kiongozi una nguvu ya pekee, maana watu waliokuwa wakiona aibu kushika ufagio siku ile walitoka nao. Swali ambalo kila kiongozi wa mtaa analo ni la siku inayofuata, yaani nani atafagia kesho yake, na katika nyumba ya nani.

Kwa sababu hiyo mgombea asiyejua kupanga watu atatuchosha hata kama ana moyo mwema. Ninachokiita kupanga ni kitu kidogo sana na kigumu sana. Ni kujua kwamba katika shina hili la nyumba kumi kuna kaya 4 zenye shida ambayo haiwezi kusubiri, kwamba kijana huyu ana bajaji lakini hana muda asubuhi, kwamba mama huyu ana muda lakini hawezi kubeba uzito, kisha kuwaunganisha bila mmoja kumdharau mwingine. Ni kujua kwamba bibi fulani jina lake limo katika mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini lakini siku ya malipo hakuna wa kumfikisha. Ni kujua kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60, na kwamba mzee asiye na uwezo anapaswa kutibiwa bila malipo, lakini mlangoni mwa zahanati ataulizwa kitambulisho, na kitambulisho hicho kinahitaji mtu wa kumpeleka ofisi ya mtendaji mara mbili au tatu. Nusu ya kazi yetu katika daftari ni ya aina hiyo. Hatumpi mzee kitu chetu. Tunamsindikiza kwenda kuchukua kilicho chake.

Nimesema mambo haya kwa makusudi, kwa kuwa nina hofu moja kuhusu wagombea wanaosifia kujitolea, na si haki niifiche. Hofu yangu ni kwamba kiongozi anaweza kuligeuza neno hili kuwa pazia. Barabara ya mtaa ikibomoka, tujitolee. Zahanati ikikosa dawa, tujitolee. Mwanamke akizunguka kaya 60 kila siku kama mhudumu wa afya, anaambiwa Mungu atamlipa. Kazi ya kila siku ya mtu mmoja, yenye saa na taarifa za kujaza, ni ajira, na anayeifanya bila malipo ananyimwa haki yake. Ndiyo maana nilifurahi serikali ilipozindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofundishwa na kulipwa posho, na nitafurahi zaidi nikiona kila mtaa wetu umefikiwa. Kujitolea kwa jirani ni kile anachoweza kukifanya mtu mwenye shughuli zake, kwa zamu, kwa hiari. Hiari maana yake hakuna faini. Mahali ambapo asiyefika kwenye kazi za pamoja anatozwa kuku au fedha, hiyo ni kodi ya nguvu, na ijadiliwe kama kodi katika mkutano mkuu, isipewe jina la upendo.

Mwezi Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere liliteremka likafunika nyumba za watu hapo Itezi, hatua chache kutoka tulipokaa. Siku kama zile hutuonyesha vizuri mpaka ninaouzungumzia. Jirani anaweza kutoa blanketi, kupokea watoto wa mwenzake, kuchota maji, kupika chungu kimoja zaidi. Jirani hawezi kuupima mlima, hawezi kuwapatia watu viwanja salama vya kuhamia, hawezi kuzuia ujenzi mahali pa hatari. Hayo ni ya halmashauri na serikali kuu, na mgombea anayekuja kwetu na blanketi bila kutuambia atasema nini katika baraza la madiwani kuhusu mteremko ule, amefanya ile nusu rahisi ya kazi. Mimi nataka kiongozi ambaye blanketi alilotoa usiku linampa hasira ya kuuliza maswali mchana.

Kwa hiyo ninyi wakazi wenzangu, mwaka 2029 watakapokuja, msiwaulize walitoa nini. Waulizeni zamu yao ilikuwa siku gani. Waulizeni watoto wa kaya jirani wanaitwa nani, kisima cha karibu na nyumba ya mzee wanayemtaja kiko upande gani, na walipokosa nafasi nani aliwashikia zamu. Mtu aliyefanya kazi hii hujibu papo hapo, tena kwa maelezo marefu kuliko unavyotaka. Msimuulize chama chake katika swali hili, maana katika daftari letu wamo wa vyama vitatu ambao hawakubaliani katika jambo lolote la siasa, na wote wamewahi kushika ncha za machela moja. Na ninyi akina mama mnaobeba sehemu kubwa ya kazi hii, msiishie kuwapigia wengine vigelegele. Fomu ya uenyekiti wa mtaa haibagui, na umri unaotakiwa, miaka 21, mmekwisha kuupita. Tusirudie tulichowafanyia wale wanawake wa Makete.

Vijana wangu mliotia nia, hamhitaji ruhusa yangu wala ya chama kuanza. Mkiona kikundi chetu kina watu wengi, anzisheni chenu katika shina lenu, kwa daftari la shilingi mia chache na kalamu. Mkishindwa katika kura baadaye, msiliache. Hapo ndipo mtaa utakapowajua kweli, na hapo ndipo hata sisi wazee tunaowashuku tutakapowaomba radhi.

Jumamosi hii saa 1 asubuhi tunachimba choo kwa mzee mmoja ambaye cha kwake kiliingia maji wakati wa masika. Atakayependa kuja anione mimi au balozi wa nyumba kumi, tutamwelekeza nyumba. Udongo wa pale ni mgumu kuanzia futi 4, kwa hiyo tutapokezana. Sururu tunazo mbili. Kila mtu aje na jembe lake, na simu ziachwe nyumbani.

Ndaga fijo, asanteni sana.